Mwezeshaji, Toa Kalamu

Kuna neno moja ambalo limechakaa katika nchi yetu kwa kutumiwa ovyo: neno "shirikishi". Siku hizi kila mafunzo ni shirikishi. Mwaliko unasema hivyo, andiko la mradi linasema hivyo, na taarifa ya mwisho inayopelekwa kwa mfadhili inasema hivyo. Kisha unaingia kwenye kikao chenyewe mtandaoni na kukuta watu tisini wamezimiwa vipaza sauti, uwezo wa kuandika kwenye skrini umefungwa, na mtu mmoja anasoma slaidi baada ya slaidi kwa saa tatu. Mwishoni anauliza kama kuna swali. Anasubiri sekunde kumi. Anashukuru kwa ushirikiano mzuri.

Huo si ushirikishwaji. Ni tangazo refu lenye orodha ya mahudhurio.

Makala haya yanahusu kitu kidogo sana: kile kitufe kinachomruhusu au kumzuia mshiriki kuandika juu ya kinachoonyeshwa kwenye skrini. Najua wapo watakaoshangaa kwamba mhadhiri ameacha kujadili bajeti na deni la taifa, akaja kujadili kitufe. Nawaomba wavumilie. Mamlaka hupenda kukaa katika vitu vidogo: nani anakaa kiti cha mbele, nani anashika kipaza sauti, nani anaandika muhtasari wa mkutano. Katika darasa la mtandaoni, mamlaka yamekaa kwenye kalamu.

Kwa wasiozijua zana hizi, nieleze kwa ufupi. Programu nyingi za mikutano ya mtandaoni zinawawezesha wote waliomo kikaoni kuandika, kuchora, kupigia mstari na kuweka alama juu ya ukurasa mmoja, huku kila mmoja akiona wanachokifanya wengine. Katika Zoom, kwa mfano, mwenyeji anaweza kuwaruhusu washiriki kuandika juu ya skrini anayoionyesha au kuwazuia. Anaweza kuamua majina ya walioandika yaonekane au yafichwe. Na kilichoandikwa kinaweza kuhifadhiwa kama picha. Zipo pia mbao za pamoja kama Padlet na Miro. Ipo Hypothesis, inayowawezesha wasomaji kuandika maelezo yao pembezoni mwa ukurasa wa wavuti au waraka na kujibizana hapo hapo. Hakuna muujiza katika haya. Ni ubao na chaki, isipokuwa chaki ziko nyingi.

Nitaambiwa kwamba sehemu ya kutumiana ujumbe ipo, na kwamba inatosha. Haitoshi. Ujumbe hukaa kando na hupita haraka. Anayesoma hajui mwandishi anazungumzia slaidi ipi, jedwali lipi, mstari upi. Alama ya kuuliza iliyowekwa juu ya mstari wa tatu wa jedwali haina utata. Inamwambia mwezeshaji: ni hapa, si kwingine. Na alama arobaini zikirundikana juu ya mstari huo huo, hakuna mwezeshaji mwenye haya atakayeweza kusema "tunaendelea".

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la mapambo. Utekelezaji wa mitaala mipya ulipoanza Januari 2024, baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo kutolewa toleo la 2023, walimu wengi walihitaji mafunzo, tena kwa haraka. Mtandao ni njia ya maana katika nchi yenye ukubwa kama wetu. Mwalimu wa Kibondo hana sababu ya kusafiri siku nzima ili aonyeshwe jedwali. Sina ugomvi na mafunzo ya mtandaoni. Ugomvi wangu ni na mafunzo ambayo maarifa yanateremka tu, kama maji ya mvua kwenye bati, bila hata tone moja kurudi juu.

Niliwahi kualikwa kusikiliza mafunzo ya aina hiyo kwa walimu wa sekondari. Taasisi iliyoyaandaa siitaji, kwa kuwa ingeweza kuwa taasisi yoyote. Mada ilikuwa upimaji endelevu. Slaidi moja ilionyesha fomu nzuri yenye safu tano, ambayo mwalimu alitakiwa kuijaza kila wiki kwa kila mwanafunzi. Mwezeshaji aliisifu, akapita. Kikao kikaisha kwa kimya kile kile tunachokifahamu. Jioni, katika kundi la WhatsApp la walimu hao, mmoja wao akaandika hesabu. Ana mikondo minne, kila mkondo una wanafunzi 70. Jumla ni fomu 280 kwa wiki. Akitumia dakika tano kwa kila fomu, zinafika dakika 1,400, yaani zaidi ya saa 23 kwa wiki za kujaza fomu peke yake, kabla hajaandaa somo, hajafundisha, hajasahihisha daftari hata moja.

Hesabu hiyo ilikuwa na thamani kuliko slaidi zote za siku ile. Lakini iliandikwa mahali ambapo aliyeitunga fomu hayupo. Mahali pake palikuwa juu ya slaidi yenyewe, saa ile ile, mbele ya wote. Matokeo yake unaweza kuyabashiri, ndugu msomaji, maana wewe pia umewahi kujaza fomu ya namna hiyo. Fomu itajazwa Ijumaa usiku kwa kubuni. Mkaguzi atakuta imejazwa. Mkoa utapata takwimu, wizara itapata grafu, na mtoto aliyeshindwa kusoma atakuwa amepewa alama ya "anaendelea vizuri". Kalamu inayofungwa katika kikao cha saa tatu huzaa uongo wa mwaka mzima.

Wanaofunga kalamu wana hoja zao, nami sitaki kuzipuuza. Nimezisikia tatu.

Hoja ya kwanza ni fujo. Wanasema ukiwaachia watu waandike, mmoja atachora katuni, mwingine atafuta kazi ya mwenzake, wa tatu ataandika tusi. Ni kweli yanatokea. Lakini tunazungumza na walimu, watu ambao kila asubuhi husimama mbele ya watoto mia moja wenye chaki mkononi. Hawajaondoa ubao darasani kwa sababu mtoto mmoja alichora mbuzi. Zana hizi zinampa mwenyeji uwezo wa kufuta, wa kuonyesha majina na wa kusimamisha uandishi. Mwenye uwezo wote huo ambaye bado anaogopa, haogopi fujo. Anaogopa swali.

Hoja ya pili ni muda. Wanasema mada ni nyingi na saa ni chache. Hapa nawaomba wapige hesabu. Washiriki tisini wakipewa dakika mbili mbili za kuzungumza, saa tatu zote zitakwisha na mwezeshaji hajafungua slaidi hata moja. Washiriki hao hao wakiandika kwa pamoja, dakika tatu zinatosha kwa kila mmoja kusema neno lake, na dakika kumi zaidi zinatosha kuyasoma na kuyapanga. Kuzungumza kunataka zamu. Kuandika pamoja hakutaki. Anayelalamika kukosa muda ndiye hasa anayepaswa kuikimbilia zana hii. Tena, slaidi hamsini zilizosomwa zote bila kueleweka hazijaokoa muda wa mtu yeyote. Zimeahirisha tu swali hadi darasani, ambako hakuna wa kulijibu.

Hoja ya tatu haisemwi wazi, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: heshima. Mwezeshaji ni mkubwa, amebeba waraka kutoka juu, na kuandika juu ya slaidi yake kunaonekana kama kumkosoa hadharani. Pamoja naye kikaoni yupo afisa elimu, yupo mkuu wa shule, na mwalimu anajua kwamba anayeuliza sana hukumbukwa wakati wa uhamisho. Kimya tunachokiita nidhamu mara nyingi ni tahadhari. Mtu mwenye familia na mkopo benki hawezi kulaumiwa kwa kuwa mwangalifu.

Hapo ndipo uwezo wa kuficha majina unapokuwa na maana kubwa. Swali likiwa la kitaalamu, acha majina yaonekane, kila mtu awajibike kwa hoja yake. Swali likiwa "ni jambo gani katika mpango huu halitawezekana shuleni kwako?", ficha majina. Lakini mwezeshaji awe mkweli: jina kutoonekana kwenye skrini si dhamana kwamba mfumo wenyewe haumjui aliyeandika. Awaambie watu hivyo, kisha awalinde. Tusijidanganye kwamba programu ya kompyuta itatuletea ujasiri ambao hatukuujenga katika ofisi zetu. Inachoweza kufanya ni kupunguza bei ya ujasiri huo.

Wala asije mtu akatuambia kwamba kuandika juu ya maneno ya mwalimu ni utovu wa adabu ulioletwa na teknolojia ya kigeni. Pwani yetu ina jina la jambo hili tangu zamani: hashiya. Fungua miswada ya kale ya Lamu au Zanzibar iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, utakuta pembezoni na katikati ya mistari kumejaa maelezo, tafsiri na masahihisho, mengine kwa Kiarabu na mengine kwa Kiswahili. Katika fikihi ya Kishafii, moja ya vitabu vilivyosomwa sana ni hashiya ya Ibrahim al-Bajuri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1860. Aliiandika juu ya ufafanuzi wa Ibn Qasim, ambao nao uliandikwa juu ya matini fupi ya Abu Shujaa. Watu watatu wa karne tofauti wanazungumza katika kitabu kimoja, na msomaji aliyekuja baadaye akaongeza la kwake pembezoni. Hakuna aliyedhani kwamba matini yamevunjiwa heshima. Kitabu kisicho na hashiya ndicho kilichoonekana hakijasomwa.

Hata mtandao wenyewe haukuzaliwa kuwa jukwaa la kuhubiriwa. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokitengeneza Tim Berners-Lee mwaka 1990, kilikuwa cha kusoma na cha kuhariri pia. Baadaye tulizoea vivinjari vya kusoma tu, hadi tukadhani ndivyo mambo yalivyo. Sivyo yalivyo, ndivyo yalivyofanywa.

Katika kuzitetea zana hizi, lazima niwageukie pia wale wanaozitumia kwa mzaha. Kuna wawezeshaji waliogundua kwamba wafadhili wanapenda kuona washiriki "wakishiriki", basi katikati ya mada wanasema: "Weka moyo kama umeelewa! Weka nyota kama umefurahi!" Skrini inajaa mioyo na nyota, picha inapigwa, inawekwa kwenye taarifa. Kuweka moyo juu ya slaidi si kushiriki. Ni kupiga makofi kwa kidole. Kalamu inayoruhusiwa kusema "ndiyo" peke yake ni mbaya kuliko kalamu iliyofungwa, kwa kuwa iliyofungwa angalau haidanganyi.

Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil ambaye alifika hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliiita elimu ya upande mmoja elimu ya kibenki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza. Ukiongeza mioyo na nyota juu ya elimu ya kibenki, hujaibadilisha. Umempa mteja kalenda ya ukutani.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito wote, nalo ni la vifaa. Washiriki wengi wanaingia kwa simu. Skrini ni ndogo, kidole ni kinene, bando linakwisha, umeme unakatika. Anayeweza kupokea sauti na picha za mwezeshaji kwa saa tatu ameshalipa gharama kubwa tayari, na neno moja analoliandika haliongezi gharama ya kusimulia. Lakini ni kweli kwamba kuandika juu ya slaidi kwa simu ni kazi, na kwamba zana hizi, zikiachwa hivi hivi, zitampa sauti mwenye kompyuta ya mezani wa mjini na kumnyima mwenzake wa kijijini. Tutakuwa tumehamisha upendeleo kutoka mdomoni hadi kidoleni.

Jibu la pingamizi hilo tunalo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, ikawafikia watu wapatao milioni 2. Hakuna chombo kinachozungumza upande mmoja kama redio. Huwezi kuikatiza wala kuiuliza. Hata hivyo waandaaji hawakuridhika kurusha matangazo. Walifundisha viongozi wa vikundi kwa maelfu, wakachapisha vijitabu, na watu wakakaa vijijini kwa vikundi: wanasikiliza, wanasoma, wanajadiliana, kisha wanaamua la kufanya, kuanzia kuchimba vyoo hadi kufukia madimbwi. Walichukua chombo kisicho na mlango wa kurudi, wakautengeneza mlango huo kwa mikono. Sisi, nusu karne baadaye, tumepewa chombo chenye mlango, nasi tumeufunga kwa komeo.

Basi tufanye walivyofanya. Walimu watano wa shule moja wakae kwenye kompyuta moja, wajadiliane dakika kumi, mmoja wao aandike kwa niaba yao. Aliye peke yake na simu atume neno lake kwa ujumbe wa kawaida, na awepo msaidizi ambaye kazi yake pekee ni kuyahamishia maneno hayo kwenye ubao, kama yalivyo, bila kuyapamba. Na watu waandike kwa Kiswahili, hata kama slaidi ni za Kiingereza. Ukimlazimisha mtu mzima aandike Kiingereza mbele ya wenzake, ataihofia tahajia kabla ya kuifikiria hoja, nawe utapoteza hoja kwa ajili ya tahajia.

Kwa hiyo nawadai wawezeshaji mambo machache yanayowezekana kesho asubuhi. Tuma waraka siku moja kabla, wenye nafasi pana pembezoni. Tumia dakika tano za mwanzo kuwazoeza watu kalamu: kila mmoja aweke alama kwenye ramani mahali alipo. Gawa ukurasa katika visanduku vyenye namba, ili watu tisini wasiandike juu ya neno moja. Uliza swali moja tu kwa wakati mmoja, na liwe swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Kisha nyamaza dakika tatu. Najua dakika tatu za kimya zinatisha kwa mtu anayelipwa kuzungumza, lakini ndizo dakika ambazo kazi inafanyika.

La mwisho ni kubwa kuliko yote: hifadhi ubao kabla ya kuufuta, na ndani ya wiki moja warudishie washiriki majibu. Hili tumelipokea, hili tumelikataa kwa sababu hii, hili tunalipeleka kwa fulani. Weka nakala mahali ambapo hamtegemei hisani ya kampuni. Google waliufunga ubao wao wa pamoja, Jamboard, mwishoni mwa 2024, na kesho wanaweza kufunga wengine. Maneno ya watu yakiandikwa na kisha kufutwa bila jibu, mara ya pili hawataandika, na hapo utasema "walimu wetu hawapendi kushiriki".

Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Sidhani walioiandika walikuwa wakifikiria slaidi. Lakini haki hujifunzwa kwa mazoezi, na mtu aliyezoeshwa kwa miaka kukaa kimya katika mafunzo ya kazi yake mwenyewe hatageuka ghafla kuwa msemaji katika mkutano wa kijiji au kwenye kamati ya shule. Huko nako ataketi, atasikiliza, atasaini mahudhurio.

Ninyi mnaolipia mafunzo haya, acheni kuhesabu vichwa na vyeti. Ombeni mwonyeshwe ubao: washiriki waliandika nini, na mlibadilisha nini kwa sababu hiyo. Ikiwa hakuna kilichobadilika, jueni mmelipia tangazo. Nanyi washiriki, kikao kijacho, kabla slaidi ya kwanza haijasomwa, ulizeni swali moja tu: "Kalamu iko wapi?" Kuuliza si ujinga. Mkijibiwa kwamba imefungwa, ulizeni kwa nini, kisha subirini jibu. Safari hii anayepaswa kukosa la kusema asiwe ninyi.